Mama Hakupanda, Hakushuka

Ijumaa iliyopita tulikula kwa Shangazi Zuwena, Ruwi, hapa Maskati, katika fleti yake iliyo juu ya maduka ya vitambaa, kwa sababu mwanawe Khalfan amekuja likizo kutoka Amerika pamoja na mkewe na binti yao, Yumna. Yumna ana miaka saba, na Kiswahili chake amekipata kwa bibi yake kupitia simu. Shangazi hajui kufundisha kwa vitabu, kwa hivyo amemkaririsha mashairi. Tulipomaliza biriani, kabla masahani hayajaondolewa, Shangazi alimwambia, "Haya, simama uwasomee wazee. Lile la Babu." Babu mwenyewe ni baba yangu, kaka yake Shangazi, na alikuwa amekaa kwenye mto wake ukutani akihangaika na mfupa wa mbuzi. Mtoto akasimama, akaweka mikono nyuma, akaghani bila kukosea hata neno moja, ila r zake zilikuwa za Kiamerika:

*Mwenzangu kakaa nyuma, mayai yakimenyeka,*
*Upepo ulipovuma, mtandio ukaruka,*
*Kashuka akatazama, kisha neno katamka:*
*Mbingu ya huku ni nzima, ya kwetu imekatika.*

Watu wote walisema mashaallah. Shangazi alifuta macho kwa ncha ya kanga. Yumna akaja kukaa karibu yangu, akaniuliza kwa sauti ya siri, "Mama yako aliogopa? Mtandio uliporuka kule Texas?" Nilimwambia sijui. Lakini najua. Mama yangu hakufika Texas. Hakufika Amerika kabisa. Alifariki miezi kadhaa kabla ya safari ile, hapa hapa Maskati. Mtandio ulioruka ulikuwa wangu. Mayai niliyamenya mimi, na kucha zangu zilinuka mayai njia nzima. Na lile neno la mbingu nililitamka mimi, mbele ya watu wawili: Baba, na Khalfan aliyekuwa akiendesha gari. Khalfan alinitazama kutoka upande wa pili wa busati. Nilidhani atasema kitu. Akaomba achari ya ndimu.

Nimeiandika aya hiyo ya juu mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Mimi ni mtu wa namna hiyo. Skuli nilisoma Kiarabu na Kiingereza. Kiswahili kilikuwa cha nyumbani, cha jikoni na cha kugombezwa, na kukiandika nilijifundisha mwenyewe, nikiwa mtu mzima tayari, kwa kusoma chochote nilichokipata na kuhesabu mizani kwa vidole kama mtoto anayejifunza hesabu. Kwa hiyo kila sentensi naiogopa. Naiandika, naifuta, nairudisha, na nikiamka asubuhi naikuta imeharibika peke yake. Lakini tangu Ijumaa nimekuwa nikiufikiria ule mwaka wa safari na shairi lake, na nimegundua kwamba katika familia yetu tumebaki watu wachache sana tunaojua nani alikuwa ndani ya lile gari. Nikinyamaza mimi, na Khalfan akaendelea kuomba achari, basi Mama atakuwa amekwenda kweli.

Safari ilikuwa ya Mama. Ndiye aliyeitaka. Kila alasiri, akinywa chai ya maziwa, alikuwa akiifungua ramani kwenye simu yake na kuifuata kwa kidole ile barabara inayotoka pwani ya mashariki ya Amerika hadi pwani ya magharibi, akisoma majina kwa matamshi yake mwenyewe. Arkansas aliisema kama inavyoandikwa, na Khalfan alipomsahihisha kwa simu alimwambia, "Mimi nnavyotamka mimi ndo vizuri zaidi." Khalfan aliahidi kuwaendesha yeye na Baba mwanzo hadi mwisho. Viza zao zilitoka. Halafu Mama akaugua, na ugonjwa haukukaa sana. Baada ya matanga nyumba ilijaa vyombo vya watu, mabirika na masufuria ya kuazima, na kila mtu alidhani safari imekufa pamoja naye. Siku moja Baba aliingia jikoni, akasimama kwenye mlango kama mtu aliyekuja kuuliza chumvi, akasema, "Salha, kaombe viza. Utakwenda wewe." Sikuuliza kitu. Nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, na nilikuwa nimezoea kufanya yale ambayo Mama aliyaacha nusu: nguo za kupiga pasi, dawa za Baba, unga wa maandazi uliobaki kwenye kopo. Niliichukua na safari pia, kama kazi nyingine ya nyumbani.

Nikiulizwa Amerika ikoje, kinachonijia kwanza ni vyumba. Vyumba vya hoteli za njiani vilivyofanana mpaka nikawa sijui tulilala wapi: zulia la kahawia, pazia zito, mashine ya baridi chini ya dirisha inayotetemeka kama gereji za mtaani kwetu Wadi Kabir. Baba alikuwa akiutandika mswala katikati ya kitanda na mashine hiyo, kila mji akiuliza simu kibla kiko wapi na kila mji akiibishia simu. Mimi asubuhi nilikuwa nachemsha mayai kwenye jiko dogo la umeme la Khalfan, tukiwa tumefungua maji bafuni ili wenye hoteli wasisikie sufuria ikitokota. Tukishaingia garini, Khalfan na Baba mbele, mimi nyuma, nilikuwa nayamenya moja moja, nikiyatia chumvi na pilipili manga, nikiyapitisha kati ya viti. Baba alikuwa akinyoosha mkono nyuma bila kugeuka. Hakuuliza kama mayai yako tayari. Mkono ulikuja tu, umefunguka, na yai likawekwa. Nilipenda jambo hilo. Nilihisi naaminiwa. Sasa nikifikiri, mkono usiogeuka hauwezi kujua nani ameuwekea yai.

Kuna jambo moja nililisikia ambalo sijamwambia mtu. Ilikuwa asubuhi, Tennessee au tayari Arkansas, kwenye kijichumba cha kulia cha hoteli, penye mkate wa kuchoma na maji ya machungwa yasiyo na machungwa. Mzee mmoja wa Kimarekani, mnene, mwenye kofia, alimpenda Baba na kanzu yake, akawa anamuuliza maswali. Unatoka wapi, unakwenda wapi, unasafiri na nani. Mimi nilikuwa nyuma yao, nasubiri mkate wangu uruke. Baba akamjibu kwa kile Kiingereza chake cha ofisi ya serikali, kilichonyooka, "Nasafiri na mke wangu. Yumo garini." Mzee akasema vizuri sana, msalimie. Baba akasema ahsante, nitamfikishia. Nilisimama pale na sahani mkononi. Nilijiambia Kiingereza kimemponyoka, alitaka kusema binti. Lakini Baba Kiingereza hakimponyoki. Tulipotoka kwenda garini nilitangulia, nikakaa kiti changu cha nyuma, na alipofungua mlango alitazama ndani muda kidogo kabla hajaingia. Sikujua nifanye uso gani.

Texas, upande ule wa kaskazini ulio tambarare, tulisimama kutia petroli. Hakukuwa na kitu isipokuwa kituo chenyewe, malori kadhaa, na upepo. Nilipofungua mlango upepo uliuchukua mtandio wangu ukaupeleka baina ya malori, na mimi nikaukimbilia, nimeshika nywele kwa mkono mmoja, huku dereva mmoja akipiga honi kwa kunishangilia. Khalfan alicheka mpaka akakaa chini. Nilipoupata, umejaa mafuta, nilisimama nikatazama juu kwa mara ya kwanza. Nyumbani, popote unaposimama Maskati, majabali yamekata kipande cha mbingu, unapewa iliyobaki. Pale haikukatwa mahali popote. Ilianza miguuni ikaishia miguuni. Nikasema, bila kufikiri, "Baba, mbingu ya huku nzima. Ya kwetu imekatika." Baba alikuwa anafuta miwani yake. Akasema, "Hm." Tukaondoka. Lakini mimi nilikaa nyuma na lile neno kama mtu aliyeokota dhahabu. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu na sikuwahi kusema neno ambalo lilionekana limetoka zima, halihitaji kusahihishwa. Kutoka pale mpaka California nililirudia kimya kimya. Niliona jangwa, niliona misitu ya mawe, niliona bahari yao ya baridi, na vyote hivyo nilivipanga vizunguke neno langu moja. Nikajua ntakaporudi ntaandika.

Tuliporudi Wadi Kabir joto lilikuwa limeanza. Chumba changu kiko nyuma, upande wa gereji, na kuanzia asubuhi unasikia nyundo zinanyoosha mabati ya magari na mafundi wanaitana kwa Kihindi na Kiarabu cha kazini. Nilifunga dirisha, nikakaa kitandani na kompyuta, nikaandika shairi la safari. Kwanza bila vina, nikaona linaonekana kama ujumbe wa simu. Halafu kwa vina, mistari minne minne, nane kwa nane, nikaona linaonekana kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake. Mizani ikitimia, maana inakimbia. Maana ikirudi, mizani inazidi moja. Sikumwonyesha mtu. Nilikuwa nikiogopa hasa kumwonyesha Baba, kwa sababu Baba ni katika wazee wale wanaotungiana mashairi kwenye kundi lao la simu, wengine wako hapa, wengine Dubai, wengine Unguja, na makosa hawasamehe. Mtu akikosea kina anachekwa wiki nzima. Siku zile nilikuwa nikipita mlango wa majlisi, chumba cha kupokelea wageni, namwona amekaa, macho yamefumba, vidole vinagonga goti. Nilidhani anasabihi. Kumbe na yeye anahesabu.

Nililijua shairi lake kwa kilio. Ilikuwa baada ya sala ya alasiri, Shangazi Zuwena alinipigia simu, na kwa muda sikusikia ila pumzi. Niliogopa kuna maiti.

"Shangazi, kuna nini?"

"Nimelisoma," akasema. "Wallahi babako kanliza. Kamfikisha, Salha. Kamfikisha Asya wetu."

"Kamfikisha wapi?"

"Amerika, mwanangu! We hulijui? Lisome, lisome ulie na wewe."

Akanitumia, nikalifungua. Lilikuwa refu, beti baada ya beti, tangu uwanja wa ndege hadi bahari ya mwisho, na limeelekezwa kwa Mama moja kwa moja. Mwenzangu unakumbuka. Mwenzangu tulipofika. Beti zilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililonitesa. Mizani imekaa kama meno. Kila nilichofanya kilikuwemo. Jiko la umeme lilikuwemo, maji ya bafuni yalikuwemo, hata yule dereva wa honi. Mimi tu sikuwemo. Nikafika kwenye ubeti wa Texas nikakuta neno langu, lile la mbingu, limewekwa mwisho wa ubeti kama kito, na kinywa kilicholitamka si changu. Nilichohisi sina jina lake hadi leo. Nililia, na nilipokuwa nalia nilikuwa najiuliza nalia kwa sababu ya Mama au kwa sababu ya mstari mmoja wa shairi, na swali hilo likanifanya nijichukie, na kwa kujichukia nikalia zaidi. Unawezaje kumwonea wivu mama yako aliye kaburini? Na unawezaje kutomwonea, akiwa amechukua kitu kimoja tu ambacho katika maisha yako kilitoka kikamilifu?

Wasiojua mila ya wazee wale wataona mambo yameishia hapo. Kwao shairi lililomwelekea mtu halikai bila jibu. Aliyeelekezwa ndiye anayejibu, kwa bahari ile ile, yaani mpangilio ule ule wa mizani, na vina vile vile, na mpaka ajibu, shairi linahesabiwa linaning'inia. Akishindwa mwenyewe, wa karibu yake humjibia. Wiki chache baadaye familia ilikwenda Bustan, ufukweni, na wazee kadhaa wa kundi wakaja, na mmoja wao, Ami Hemed, rafiki wa Baba tangu ujana, alinishika pale pale nikiwa nageuza mishkaki kwenye mkaa.

"Wee binti," akasema, "hilo la babako mpaka lini? Linaning'inia kama nguo ya mkiwa."

"Lamwelekea Mama, Ami."

"Nnajua. Na marehemu hajibu. Wa kumjibia nani kama si wewe? Au unataka ntunge mimi, nijifanye mke wa babako?"

Wazee walicheka. Mmoja akasema, "Hemed na masharubu yake awe Bi Asya!" Baba alicheka pia, lakini alinitazama, na katika kule kutazama niliona kwamba analitaka jibu. Analitaka kwelikweli. Shangazi, aliyekuwa akikata ndimu, akasema bila kuinua kichwa, "Atajibu. Huyu ana kichwa cha mamake." Moshi uliniingia machoni, nikashukuru.

Kwa hiyo muda uliobaki wa mwaka ule kazi yangu ikawa hiyo: kumjibu Baba kwa sauti ya Mama. Nilikaa kwenye vyumba vyake. Jikoni, pale alipokuwa akiweka bilauri yake. Chumbani kwao, pale ambapo upande mmoja wa kabati Baba hakuugusa na bado ulinukia udi. Nilijaribu kumsikia. Nilipomsikia hasa, alikuwa akinicheka. Mama hakuwa mtu wa mashairi. Baba alipokuwa akimsomea beti zake, yeye alikuwa akimwambia, "We sema unachotaka, chai inapoa." Angesemaje kuhusu jangwa ambalo hakuliona? Niliandika Mama akishangaa milima, ikawa uongo. Niliandika Mama akimshukuru Baba kwa kumchukua, nikasikia sauti ya kadi ya harusi. Mizani ilitimia mara nyingi, na kila ilipotimia ndipo nilipozidi kuona kwamba hakuna mtu ndani yake. Wakati huo huo Baba alikuwa akiniuliza, kwa upole mbaya kuliko kunisukuma, "Kazi inakwendaje?" na mimi, nisiye na ajira, najua anauliza habari ya jibu. Nilimpigia Khalfan. Nikamwambia, "Wewe ndo ulokuwa dereva. Waambie nani alikaa nyuma." Nikasikia kiashiria cha kukata kona cha gari lake kinagonga. "Salha," akasema, "Mama yangu kila siku ananipigia kunambia jinsi shangazi zako wanavyolisoma. Unataka mie niwaambie nini? Nimwambie mama'ngu kuwa Bi Asya hakuwemo? Anajua hakuwemo. Wote wanajua." Lile lilinichanganya zaidi. Kama wote wanajua, basi mimi nilikuwa nalilia nini?

Jibu lilikuja asubuhi moja, nikiwa naosha vyombo, na halikuwa la Mama. Lilikuwa ubeti mmoja tu. Nilikausha mikono, nikauandika, na kwa mara ya kwanza tangu Texas sikutaka kubadilisha kitu. Nilipanda teksi kwenda Ruwi nikamsomea Shangazi, kwa sababu nilihitaji mtu mmoja aniambie nina haki. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono umesimama ndani ya mchele.

"Nisomee tena," akasema.

Nikamsomea:

*Mimi nilokaa nyuma, mayai yakamenyeka,*
*Upepo ulipovuma, mimi nilohangaika,*
*Mama alishatuhama, hakupanda, hakushuka,*
*Mbingu niliyoisema, ni yangu na naitaka.*

Shangazi hakulia. Aliutikisa ungo, akapuliza makapi. "Unajua ulichofanya?" akasema. "Babako kamtoa kaburini kampandisha gari. Kamwendesha nchi nzima. Sasa we umesimamisha gari katikati ya jangwa, umemshusha mamako njiani."

"Lakini Shangazi, ni kweli. Ni mimi."

"Nani kakwambia si kweli?" Akaniangalia sasa, na uso wake haukuwa wa hasira, ndiyo maana sikujua pa kushika. "Kweli ni yako, ichukue. Nnakuuliza tu, yeye utamwacha wapi?"

Nilikaa na ubeti ule siku kadhaa. Nilifikiri kuufuta, lakini mimi niliyefuta kila kitu mwaka ule sikuweza kuufuta huo. Mwishowe, Ijumaa moja baada ya chakula, Baba akiwa majlisi na kahawa yake na sinia ya halua, niliingia nikakaa chini mbele yake, nikasema, "Baba, jibu ninalo." Alifurahi. Aliweka kikombe chini, akakaa sawa, akafumba macho kama anavyofanya shairi linaposomwa, na vidole vikapanda juu ya goti. Nilisoma. Vidole vilihesabu mstari wa kwanza, vikahesabu wa pili. Mstari wa tatu, kwenye *hakupanda, hakushuka*, vilisimama, halafu vikamalizia kugonga. Mstari wa nne vilihesabu wote. Gereji zilikuwa zimefungwa kwa Ijumaa, nyumba ilikuwa kimya, na nilisikia friji jikoni ikijiwasha.

"Mizani imetimia," akasema, macho bado yamefumba. "Vina vimekaa." Halafu akasema, "Mamako asingejibu hivi."

"Si Mama, Baba. Ni mimi."

"Nnajua ni wewe." Alifumbua macho. "Unadhani nlisahau nani kanipa mayai? Nlikuwa nikiusikia mkono wako kila ukija. Mkono wa baridi." Akakisogeza kikombe pembeni. "Salha, wewe nikikutaka nnakwita. Nnasema Salha, unakuja. Yeye nimwite vipi?"

Nilitaka kusema kwamba kuitwa na kuandikwa si kitu kimoja, kwamba mtu anaweza kuitwa kila siku ya maisha yake na asionekane. Nilitaka pia kumlalia magotini. Na nilitaka mbingu yangu. Vyote vitatu vilikuwa vya kweli kwa wakati mmoja. Baba alichukua simu yake kwenye mto, akaivuta mbali na macho kama wanavyofanya wazee, akafungua kundi lao. "Nisomee polepole," akasema, "niandike." Nilimsomea, na yeye akaandika herufi moja moja kwa kidole cha shahada, ubeti mzima, pamoja na kule kushushwa kwa mkewe. Hakuruka neno. Alipomaliza akanionyesha. Umeandikwa sawasawa, na chini yake ameandika jina langu na jina lake. Kidole kilikuwa juu ya alama ya kutuma.

"Niupeleke?"

Nilimtazama. Hakuwa akinisihi. Angeupeleka kweli, na Ami Hemed angecheka na kusema binti ana meno, na baada ya siku mbili kila mtu angejua, na Shangazi angelisoma shairi la Baba usiku wowote autakao, akifika Texas, amkute Mama hayumo. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Subiri, Baba. Kuna neno moja sijaliridhia."

"Neno gani?"

"Nitalitafuta."

Aliuweka ubeti pale pale, bila kuutuma wala kuufuta, akaiweka simu chini na akanisogezea sinia ya halua. Miaka imepita. Simu hiyo amebadilisha, lakini ubeti ameuhamisha kwenye mpya, nimeuona. Nimesema huko juu kwamba nafuta kila ninachoandika, na watu wote wanaonijua wanalijua hilo, kwa hiyo hakuna aliyewahi kushangaa kwamba bado nalitafuta neno. Mwenyewe sijui nilimfanyia huruma Mama, au Shangazi, au niliogopa tu kusimama peke yangu mbele ya wazee na kitu changu. Siku nyingine naamini nilifanya vizuri. Siku nyingine, kama Ijumaa iliyopita, nasikia damu inanipanda masikioni.

Tulipotoka kwa Shangazi Ijumaa hiyo nilimshika Baba mkono kwenye ngazi, kwa sababu magoti yake sasa yanamsumbua. Tulishuka polepole. Kwenye kona ya pili ya ngazi alisimama kupumzika, akaegemea ukuta, akaniuliza kama anavyoniuliza kila baada ya muda, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari ya dawa, "Lile neno umelipata?"

Ubeti ule haukuwa na neno baya hata moja. Aliuhesabu mwenyewe, kwa vidole vyake.

"Bado, Baba," nikasema.

"Hapana haraka, mwanangu," akasema, na akanipa mkono tuendelee kushuka.